Ubatizo Wangu na Pilau ya Bi Mwamvua

Kikwajuni,
Unguja.
28 Desemba, 1967.

Mpendwa Shangazi Felista,

Shikamoo. U hali gani huko Muheza? Mguu unaendeleaje, na wajukuu hawajambo? Sisi huku wazima, ila mikono yangu inanuka gundi ya mbao, na karatasi hii nayo bila shaka. Niwie radhi kwa kimya cha miezi sita. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na hasira tu.

Basi pokea habari: nimebatizwa! Siku ya Krismasi, kanisani Mkunazini, mbele ya watu wote. Jina langu sasa ni Gervasi. Bi Mwamvua, jirani aliyenilea tangu mama alipofariki, amesema yeye ataendelea kuniita Sheha, maana aliyebatizwa ni mimi, si ulimi wake.

Lakini sikufika huko kwa wepesi. Wajua kaka yako aliniacha nina miaka mitatu, akaenda bara kutafuta kazi, asilete hata salamu. Mwezi wa Juni akarudi, amekonda, anakohoa, akabisha mlango wa nani? Wa Bi Mwamvua! Naye akamweka chumba cha uani, asinambie. Akaja kwenye kibanda changu cha useremala, Ng'ambo, akaagiza kitanda cha kamba. Nikakipiga randa vizuri, nikakipeleka mwenyewe begani, kumbe nampelekea mtu niliyeapa sitomtazama usoni. Nilikitua pale pale uani nikaondoka bila hata kuaga.

Miezi yote hiyo nilikuwa nahudhuria mafundisho ya ubatizo. Sala ya Bwana naisoma bila kukwama, hata pale pa kusamehe, halafu nikitoka nazunguka njia ya mbali nisiuone mlango wa Bi Mwamvua.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, Ramadhani imeshaingia, nikaenda kumwomba radhi. Yeye Mwislamu, na saumu haimpiti, lakini ndiye mama yangu. Singeweza kubatizwa bila radhi yake. Ee Shangazi, mambo yakawa moto.

"Dini ni ya wazee wako, mimi nani wa kukuzuia?" akanambia. "Hilo nshakuridhia zamani. Lakini una mgonjwa wako mle ndani, hujamjulia hali hata siku moja. Hapo radhi yangu hupati."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia hayamhusu. Nikamwambia kaka yako hastahiki hata maji ya kunywa.

"Kwani nani kakwambia anastahiki?" akanifokea. "Nnampa uji kwa sababu ana njaa. Na wewe ulipoletwa hapa unalia, ulistahiki nini? Ulinipa nini?"

Neema ya Mungu, tunayopewa bure, nilikuwa nimeikariri kwa mwalimu wa dini kama mtoto anavyokariri hesabu. Siku ile ndipo iliponiingia moyoni, tena kutoka kinywani mwa mama wa Kiislamu aliyefunga. Nikajua kwamba Kristo naye alinipenda vivyo hivyo, sijafaa kitu. Nililia mbele yake bila haya, kisha nikaingia kule uani.

Kaka yako akasema, "Nilikukosea." Nikamwambia nimemsamehe, na wallahi nilikuwa nimemsamehe. Tulikaa pamoja mpaka alasiri. Lakini kumwita jina analostahiki kuitwa na mimi, hapana, mdomo ulikataa. Niliishia kumwita "mzee", kama mtu yeyote wa njiani.

Siku ya Krismasi alikuja kanisani na bakora yake. Bi Mwamvua alibaki jikoni akinipikia pilau, naye amefunga, na kuonja hataki hata kwa ncha ya ulimi. Nikasema hakuna kula mpaka magharibi, tule naye pamoja. Wenzangu wa kanisani walinung'unika kwa njaa, lakini wakangoja.

Adhana ikalia. Bi Mwamvua akala tende zake, akapakua. Harufu yake, Shangazi! Tukatia mikono siniani. Lo! Haina chumvi hata chembe. Kila mtu akawa anatafuna kimya na kumtazama mwenziwe. Nani athubutu kumwambia Bi Mwamvua?

Kaka yako akathubutu. "Gervasi, mwanangu," akaita, "hebu tuletee chumvi."

"Naam, baba," nikajibu.

Lilitoka lenyewe. Nikainuka kwenda jikoni, na nyuma yangu nikamsikia mzee wa watu analia, na Bi Mwamvua anamgombeza: "Kula, bwana! Tangu lini mtu mzima akalilia chumvi?"

Nisalimie Mjomba Hilari, Mwatima na wanawe, na jirani zako wote mnaosali pamoja. Bi Mwamvua anakusalimu, anasema ukija atakupikia, na safari hii utaonja wewe. Mungu aupe nguvu mguu wako na aijaze nyumba yako furaha kama alivyoijaza yetu.

Baba pia anakusalimu. Yuko hapa kando yangu, na tangu nianze kuandika nimeshamwita mara nne bila haja yoyote, ili nimsikie tu akiitika.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Gervasi