Sifuri ya Maabara

Manundu, Korogwe
14 Juni

Mdogo wangu mpendwa Grasiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako uliyomtuma Semboja dereva niliipokea mbele ya watu, na marahaba yake naiandika hapa isije ikapotea njiani. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi za kanisa, ila kwenye tambarare halina neno. Wifi yako anakusalimu sana na anasema mbegu za maboga ulizompa zimeota zote isipokuwa tatu. Nawe je? Kifua kimetulia? Nimesikia ngedere wameingia tena shamba lako la bondeni. Natumaini wamekuachia ya kuvuna.

Utashangaa kupata barua wakati simu tunazo sote wawili. Nimekupigia mara tatu tangu Pentekoste, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za mahindi. Nikaona niandike. Pia nataka maelezo haya uwe nayo mkononi, uyasome hata mara mbili, kwa sababu mwezi wa nne uliniuliza swali na sikukujibu. Ulisema: "Kaka, niambie kwa lugha ya watu, mwanangu ameharibu nini pale hospitali?" Nami nikakwambia kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, kisha nikaongeza kwamba Fabiani ana haraka. Leo nakujibu. Nivumilie, maana unanijua, siwezi kueleza jambo bila kulianzia mwanzo, na safari hii usiporuka mwanzo utaweza kuhukumu mwenyewe bila kunitegemea mimi.

Unaikumbuka kambi ya mkonge tulikozaliwa. Wewe ulikuwa mdogo, lakini mimi nilimwona Baba akianza ukarani. Wakati ule kambi yote ilikuwa kundi moja na kengele ilikuwa moja. Akitafutwa mtu mmoja, kengele inagongwa, kambi nzima inatoka nje kusikiliza ni nani anayeitwa. Baba ndiye aliyeigawa katika safu nne, kila safu na msimamizi wake. Ukimtaka mtu wa safu yako, unamwita kwa sauti, anakusikia. Ukimtaka wa safu nyingine, unampa msimamizi wako ujumbe, naye anaufikisha. Kelele zikapungua. Tena surua ilipoingia safu ya tatu, ilizuiliwa huko huko.

Hospitali ninayoisaidia tangu nilipostaafu kufundisha chuo cha ufundi ilikuwa kama ile kambi kabla ya mgawo wa Baba. Kompyuta za mapokezi, za wodi, za maabara, na simu za wageni waliokuja kuona wagonjwa, vyote vilikuwa kwenye mtandao mmoja. Kila kimoja kikitafuta mwenzake, kinapiga kelele kwa wote. Mgeni mmoja akiangalia mpira kwenye simu yake, nesi anasubiri faili la mgonjwa mpaka chai inapoa. Ikaamuliwa mtandao ugawanywe. Mimi nilichora mgawo kwenye karatasi, na Fabiani akaajiriwa kwa mkataba kutandaza nyaya na kuzipanga kompyuta. Nilijivuna, sitaficha. Mpwa wangu, mwanafunzi wangu, na mkononi ana koleo la kubania vichwa vya nyaya nililompa mwenyewe siku aliyohitimu.

Sasa sikiliza hesabu, wewe uliyefundisha darasa la nne miaka ishirini na sita. Anwani ya kompyuta ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Pale hospitali namba tatu za mwanzo ni zile zile kwa kila kompyuta, ndizo jina la kambi. Ya nne ni namba ya nyumba, nayo huanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, jumla mia mbili hamsini na sita. Nilizigawa kwa nne, kila safu ikapata sitini na nne. Ya kwanza katika safu haipewi mtu, kwa sababu ni jina la safu yenyewe. Ya mwisho nayo haipewi mtu, ni ya kuita safu nzima kwa pamoja. Zinabaki sitini na mbili, na moja kati ya hizo anapewa msimamizi, yaani kile chombo kinachoitwa ruta. Safu ya kwanza niliipa mapokezi na ofisi, ya pili wodi, ya tatu maabara na duka la dawa, ya nne simu za wageni.

Lakini kompyuta haijui safu yake inaishia wapi mpaka iambiwe. Kwa hiyo kila moja hupewa namba nyingine ya pili, inayoitwa maski, na hiyo ndiyo kipimo cha safu. Maski ikiishia na sifuri, kompyuta inaamini kambi yote ni safu moja. Ikiishia na mia na tisini na mbili, inajua safu ina nyumba sitini na nne tu. Toa mia na tisini na mbili kwenye mia mbili hamsini na sita utaona. Ishike sifuri hiyo, Grasiana, tutairudia.

Kazi ilichukua siku nane. Siku ya tisa mapokezi walifurahi, wodi walifurahi, na wageni wakaangalia mpira wao bila kumsumbua mtu. Maabara tu ndiyo iliyokuwa na jambo la ajabu. Kompyuta yake ilichapisha vizuri kwenye printa iliyo pembeni yake. Intaneti ilifungua kila kitu. Ila majibu ya vipimo hayakufika wodini. Asnath, mkuu wa maabara, ambaye naye nilimfundisha zamani, alikuwa akiyabeba mwenyewe kwenye karatasi, huku akilalamika kwamba yeye alisomea damu, hakusomea riadha. Watu wakacheka. Wakaanza kumwita Fabiani Bwana Nyaya, na kila akipita wanamuuliza kama waya wake umepata kiu.

Fabiani hakukasirika. Alinijia mbele ya Asnath na mbele ya katibu wa hospitali, Bwana Habakuki, akanisalimu, akasema kwa adabu kwamba anaomba tupitie maski ya kila kompyuta, moja baada ya nyingine, tukianzia maabara. Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka yalivyo: "Maabara nimeipanga mwenyewe. Wewe anza na nyaya zako." Akachukua koleo lake. Kwa siku tatu alifungua kila kichwa cha waya kati ya maabara na wodi, akakikata, akakibana upya. Hakuna kilichobadilika. Wenzake wakasema sasa ndiyo anaharibu hata vilivyokuwa vizima.

Wiki iliyofuata, katika mvua kubwa za mwezi wa nne, mama mmoja alijifungua akapoteza damu nyingi. Wodi ya wazazi walikuwa wakingoja kundi la damu yake kwenye skrini. Majibu yalikuwa tayari, yamekaa kwenye kompyuta ya maabara, na Asnath alikuwa ameyatuma akidhani siku hiyo yamekwenda, maana asubuhi waliambiwa nyaya zote ni mpya. Zikapita dakika kama ishirini ndipo nesi alipomfuata. Asnath akakimbia na karatasi chini ya koti lake. Mama yule Mungu alimsaidia, akaongezewa damu, akapona, na mtoto wake yupo. Lakini kikao kiliitwa kesho yake. Nilikuwamo. Habakuki akauliza kosa liko wapi, na macho ya watu wote yakamwelekea aliyegusa nyaya. Aliponiuliza mimi maoni yangu, nilisema kijana ana uwezo ila ana haraka. Mkataba wake ukakatwa siku ile ile. Ndiyo maneno niliyokwambia wewe kwenye simu, nawe, kama mama yeyote, ukamwita ukamkaripia.

Mengine unayajua. Alikwenda Mkata, na sasa anawauzia abiria wa mabasi maji ya chupa na korosho, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa mwenye mke na mtoto. Usilolijua ni kwamba siku mbili baada ya yeye kuondoka, majibu ya maabara yalianza kufika wodini, na mimi ndiye niliyeonekana kuyafikisha. Asnath alipiga makofi. Habakuki aliniandikia barua ya shukrani yenye mhuri, na wifi yako akaitundika sebuleni.

Ijumaa iliyopita Semboja aliniletea kifurushi kutoka Mkata. Ndani yake mlikuwa na lile koleo, limefutwa mafuta na kufungwa kitambaa, na karatasi ya Fabiani. Ameandika hivi: "Mjomba, shikamoo. Nimezirudia nyaya zote kichwani, moja moja, wala sijaona kosa langu. Ndiyo maana naogopa. Mtu asiyeliona kosa lake atalirudia, na pale palikuwa na roho ya mtu. Shule moja ya Mashewa imeniomba niwapangie mtandao, nimewakatalia. Mpe koleo hili mwingine anayeweza."

Hakuandika neno la lawama. Nililitafuta, Grasiana, na kwa kweli nilitamani nilione, ningepata pa kushika.

Basi nakujibu swali lako. Mwanao hakuharibu kitu. Kompyuta ya maabara niliipanga mimi peke yangu. Nilimwambia Fabiani aende akanywe chai, kwa sababu Asnath alikuwa amesimama pale na nilitaka mwanafunzi wangu wa zamani aone kwamba mwalimu bado yumo. Niliandika anwani, nikabonyeza kwenda mstari wa pili. Ukifanya hivyo kompyuta huijaza maski yenyewe, na siku zote huijaza ile yenye sifuri mwishoni. Ni wajibu wa fundi kuifuta sifuri na kuandika mia na tisini na mbili. Nimewafundisha vijana jambo hilo miaka yote, wasikubali kujaziwa na mashine, na Fabiani alilipigia mstari kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nasimulia hadithi ya mwaka ambao umeme wa chuo ulikatika katikati ya mtihani. Nikakubali kujaziwa.

Sasa uone jinsi sifuri ile ilivyofanya kazi. Kompyuta ya maabara iliamini kambi yote ni safu moja, na kwamba wodi wako safu yake. Kwa hiyo badala ya kumpa msimamizi majibu ayapeleke, ilisimama mlangoni kwake ikaita wodi kwa sauti. Wodi hawakuwa pale, wasingeweza kusikia hata ingeita mwaka mzima. Printa ilikuwa safu yake kweli, ndiyo maana ilijibu. Intaneti iko nje kabisa ya kambi, hilo ililijua, ndiyo maana huko ilimtumia msimamizi. Ilionekana nzima kwa kila mtu, na ubaya ukaonekana uko kwenye waya.

Siku ya pili baada ya Fabiani kuondoka nilikaa mbele ya kompyuta ya maabara peke yangu, nikafungua ukurasa wa anwani, nikaiona sifuri. Nilijua pale pale. Niliifuta, nikaandika namba inayostahili, nikafunga. Haikuchukua hata dakika moja. Nilikuwa najiandaa kusema. Asnath akaingia akaona majibu yamekwenda, akapiga makofi, akamwita Habakuki. Shukrani zilifika kabla sijafungua mdomo, na zilikuwa tamu. Nikasema nitaeleza kesho. Tangu kesho ile imepita miezi miwili.

Jumatatu niliitoa barua ya shukrani ukutani nikaipeleka hospitali. Nilimkuta Habakuki na Asnath, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, pamoja na ile chai. Asnath alitazama chini muda wote. Habakuki si mtu wa maneno mengi. Aliuliza moja tu, kwa nini sikusema siku ile. Akaniambia niyaandike yote na kutia sahihi. Nimeandika, na nakala yake imo ndani ya bahasha hii. Amesema kikao kitamwita Fabiani kumwomba radhi na kumpa barua safi ya kazi. Kumrudisha hakuahidi, nami siwezi kukuahidi kwa niaba yake. Nakala nyingine nimeituma Mashewa kwa mwalimu mkuu wa ile shule, nikamweleza kwamba aliyewakatalia ndiye fundi waliyemhitaji, na kwamba nafasi hiyo wasiniletee mimi.

Nina ombi. Semboja atakuletea bahasha hii pamoja na koleo. Mwite Fabiani aje hapo kwako Kang'ata. Mpe barua hii kwanza, aisome mwenyewe mpaka mwisho, ndipo umpe koleo. Ukianza na koleo atadhani mjomba wake anamrudishia kwa huruma. Na wewe uliyemkaripia kwa neno langu, najua utamwambia nini, sitakufundisha.

Nitakuja mwenyewe Jumamosi ya wiki ijayo, goti likikubali au likikataa. Nitakaa popote mtakaponikalisha. Nilimsingizia haraka asiyokuwa nayo. Mwambie kwamba katika hili la kunisamehe, asiwe na haraka.

Wasalimie wote wa nyumba yako, na majirani waliokusaidia kufukuza ngedere. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi kaka yako,
Nicolaus