Jina Lililorukwa

Mtaa wa Dallas,
Embu.
22 Septemba 2024

Mpendwa kaka Mwaniki,

Hujambo huko Doha? Joto limepungua au bado mnaokwa? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Kahawa nayo inatupa moyo mwaka huu.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu za nyumbani kwetu zina masikio mengi. Nimempa Angeline, anayerudi huko Doha, akuletee mkononi, na ukikuta bahasha imefunguliwa, nijulishe.

Ni kuhusu mdogo wetu Mutugi. Sauti anazozisikia zimetulia kiasi tangu abadilishiwe dawa, lakini Baba ameamua kumpeleka Mbeere akakae huko, eti apate hewa. Hewa gani, kaka? Embu imeishiwa hewa lini? Ameshamjengea chumba na hataki yeyote kati yetu akakione. Akifichwa hivyo, dawa atapewa na nani?

Unajua Baba huenda Mbeere kila mwezi kununua mbuzi, na hurudi bila mbuzi. Hubeba sukari na tumbaku, naye havuti wala hanusi. Mama nami tulishaamua zamani kwamba huko kuna mke.

Basi wakaja watu wa utafiti. Kuna hospitali huko Meru yenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaomba Mutugi akapigwe picha bure, na nauli juu yao. Mimi nanunua makadamia. Mtu akinipa cha bure, nakagua mizani kwanza. Nikauliza kama watamtibu. Daktari Mwirigi, kijana wa Kaaga, huko huko Meru, mwenye heshima hadi unamshuku, hakuzunguka: "Hapana, madam, hii si ya kutibu. Tunataka kuona vile sehemu za brain zinaongea, kwa mgonjwa na kwa ndugu yake mwenye hana shida." Kumbe walinitaka na mimi!

Alinieleza kwamba kwa wagonjwa wengine mawasiliano kati ya sehemu fulani za ubongo hufifia, na kwingine huzidi kiasi. Nikakumbuka maji ya mradi wetu: tangi limejaa, mfereji wa nyumbani mkavu, na kwa jirani yanamwagika. Lakini picha ya mtu mmoja, alisema, haitabiri kama ataugua. Wao hulinganisha watu wengi. Hilo nimelisikia. Kuliamini ni jambo lingine, maana nina watoto.

Nikaingia hata hivyo. Mashine hugonga kama fundi wa mabati, nawe unaambiwa ulale macho wazi bila kufanya lolote, ati hapo ndipo ubongo huonekana ukijiongelesha. Mimi niliwaza kile chumba cha Mbeere tu. Kama kimeonekana pichani, na kionekane.

Baba alikuwa ametufuata ili atulinde, au asikie tutakayosema. Daktari akamuuliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua hivi. Baba akasema hakuna, haraka mno. Mwirigi, anayejua kwamba kwetu majina ya ukoo hurithiwa kwa zamu, akauliza kila mmoja wetu aliitwa jina la nani. Wewe ni babu mzaa baba, Kithaka anayekufuata ni babu mzaa mama. Mutugi? Baba akasema ni jirani aliyetupa maziwa wakati wa kiangazi.

"Lakini kijana wa tatu hupewa jina la ndugu yako mkubwa, mzee. Kwani huna?"

Baba alivua kofia. Kisha akauliza, "Hii mashine inaweza kupiga mtu ako na miaka themanini?"

Hakuna mke, kaka; alitueleza yote palepale. Kuna Ndwiga, ndugu yake mkubwa, anayesikia sauti tangu ujana. Babu alimficha kwa jamaa wa Mbeere ili binti za boma wasikose kuolewa, akaagiza jina lake lisirudi nyumbani. Sukari na tumbaku ni zake. Chumba kipya kinapakana na chake.

Mutugi akauliza, "Baba, kwani hilo jina lilikuwa langu?"

Baba alilia mbele ya wageni. Mimi nilikasirika na kumhurumia kwa pamoja, na hasira haijaisha.

Sasa akiulizwa kuhusu safari ya Mbeere anasema "tutaona", na "tutaona" ya Baba naijua. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Tangu uzaliwe amekuita "baba" kwa sababu ya jina ulilobeba. Aliyetoa amri ile ni babu. Wa kuiondoa ni wewe. Mpigie Baba kabla mwezi haujaisha, umwambie kwamba Mutugi asiende popote, na Ndwiga arudi nyumbani.

Nisalimie shemeji Ruguru na watoto. Mama na Kithaka wanakusalimu. Mungu akufunike huko ugenini.

Mutugi naye anakusalimu. Anasema ukipiga, umwulizie yeye kwa jina la Ndwiga, lililopaswa kuwa lake, na Baba ndiye umwulize.

Dada yako akupendaye asiyemwamini mtu ila wewe,
Wanjira