Ukuta wa Nyuma ya Soko

Mnarani, Kilifi
Masika, 1986

Mama mkwe wangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshazikwa, na barua hii haina wa kuipokea, lakini wiki nzima sikaliki. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Juzi niliunguza maharagwe nikiwa nimesimama papo hapo jikoni. Mawingu yameanza kujikusanya, nami nakusikia ukiwagongea majirani milango: "Amkeni, uwanja unatungoja!"

Uwanja wenyewe ulikuwa jaa, nyuma ya soko la Malindi. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa, wewe na wanawake wa mtaa mlizoa taka, mkazibua mfereji, mkapanda miarobaini na mchicha. Kisha yakaja mapishi, na ule ukuta mrefu. Wewe uliyezoea kuwapamba mabibi harusi kwa hina na piko, ukuta nao uliupamba, kwa udongo wa Marafa, mwekundu na mweupe, ukichora kwa kidole kitupu.

Mwaka ule nilipoolewa na mwanao Salim, nilipika muthokoi wa kwetu Ukambani, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde, nikatia na tui la nazi ili niwapendeze. Sufuria ilikaa mkekani, hakuna aliyeigusa. Nilimsikia jirani mmoja akinong'ona, "Watu wa bara hawa, hatujui wametia nini." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ukaja, mikono imejaa udongo. Ukanawa, ukaketi, ukapiga bismillahi, ukala sahani nzima mbele yao wote. Kisha ukanigeukia: "Mwanangu, chumvi haikukolea."

Watu wakaangua kicheko, huku wakinyoosha sahani zao.

Baadaye mimi na Salim tulizozana mpaka tukakosa hata la kuzozania, akanipa talaka. Siku nilipofunga mizigo ulikaa kizingitini, ukakataa kunipisha kabla hujasema lako. "Aliyekuacha ni Salim. Mimi sikukuacha." Niliitikia kwa kichwa tu. Nikahamia huku Mnarani, nikaishi kwa cherehani yangu, nawe ukawa unanitumia halua kwa watu wa basi.

Habari ya kifo chako ilinifikia umeshazikwa. Nikavaa buibui ulilonipa, nikalivua, nikalivaa tena. Mtalaka akija msibani hukaa na nani? Na wafiwa, au na majirani? Sikwenda, na tangu hapo nazunguka chumbani kama aliyepoteza kitu.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia. Nikavuka kwa feri, nikapanda basi hadi Malindi. Wanawake walikuwa wameshazoa taka, moshi wa mapishi umetanda. Ukuta ulikuwa mtupu. Kando yake mwanamke kijana alikuwa akikanda udongo peke yake. Alikuwa Aziza, mke wa Salim wa sasa. Hatukuwahi kuonana.

"Wewe ni Mwende," akasema.

"Umenijuaje?"

"Umesimama hapo muda mrefu, unautazama ukuta." Akaendelea kukanda. "Mama alipozidiwa alikuwa akiniita kwa jina lako. Mwanzo niliudhika. Namwambia, mimi Aziza, Mama. Mwisho nikawa naitika tu."

"Alikuwa akitaka nini?"

"Nimshike mkono. Basi."

Niliketi palepale chini. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumpiga. Mkono ule nilitakiwa niushike mimi. Nilitaka pia kuamka nikimbilie kituoni, lakini Aziza alilisogeza beseni la udongo katikati yetu.

"Kuchora sijui," akasema.

"Hata mimi."

Tukachora hivyo hivyo. Maua yetu yalifanana na pweza, Mama. Wanawake walitucheka hadi wakajishika mbavu, na mmoja wao akaniletea sahani ya wali bila kuniuliza mimi ni nani pale siku hizi.

Nimerudi, na bado sikaliki. Usiku nageuka huku na huku, najiuliza kama Aziza aliitika kwa sauti uliyoitambua, au ulijua si mimi ukanyamaza kwa kumhurumia. Ameniambia nije tena mwakani. Sikumjibu, basi lilikuwa linaondoka. Ila nitakwenda. Huku chumbani siwezi kukaa masika mengine kama haya.

Mungu akulaze pema. Uliniita nami nilikuwa mbali, sikusikia. Sasa nimesikia.

Labeka, Mama.

Mkaza mwanao,
Mwende