Sura Yako Haimo

Mama,

Nimekukasirikia, na bora ulijue hilo kabla sijakupa habari nyingine. Marehemu husemwa kwa mema yake tu, na mbele za watu ndivyo ninavyokusema. Hapa tuko wawili.

Naolewa baada ya Idi, na Nassor, yuleyule uliyemkubali ukiwa mgonjwa kitandani. Kila kitu kimekwisha pangwa isipokuwa video. Nassor anataka ile ya siku hizi, ya dakika chache: mimi nateremka ngazi polepole, shela linapepea, muziki umewekwa juu yake, na droni inapita juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Nzuri, sikatai. Lakini ndani yake hamna mtu ila sisi wawili. Mimi nilitaka ile ya zamani, ndefu, inayochosha, ambayo mpiga video anapita mkeka kwa mkeka na kila mwanamke anaonekana: anayekula, anayeimba, anayemsengenya mwenzake. Nimeitaka kwa sababu najua kukosa kulivyo.

Ulipofariki nilitafuta flashi ya harusi ya dada Zuwena, nikaiangalia yote. Wamo watu wote wa ukoo, hata wasiotupenda. Wewe ni kanga inayogeuka, kisha mgongo unaotoka mlangoni, kisha kiganja chenye hina kilichoziba kamera. Sauti imo. Unasema, "Nshakwambia usinitie, huna masikio?" Basi. Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo, na wala hukuwa unasema na mimi. Wenzangu wana sauti za mama zao wakiwaombea dua. Mimi nina yako ukimgombeza mtu.

Sababu naijua. Ile harusi ya Mkokotoni, mmoja wenu alirekodi ngoma ya wanawake kwa simu, nawe umo unacheza, na haikupita wiki wanaume wanaitazama barazani. Habari zilipokufika ukawa huli, husemi. Mwenye simu alikosa, tena alikosa sana. Lakini adhabu umenipa mimi.

Nilikwenda Mwanakwerekwe kwa Bi Mwanaidi, aliyepiga video ya Zuwena, kumuuliza kama kuna kipande chochote kilichosalia. Akaniambia kilikuwepo. "Mama yako alicheza siku ile, tena alicheza hasa. Asubuhi yake akaja hapa, akanisimamia mpaka nikafuta." Nilitamani kumrukia. Nikakaa kwenye kiti chake nikalia kwa hasira, yeye ananitazama, hanibembelezi. Halafu akasema wanawake humwita yeye kwenye harusi zao kwa sababu hiyohiyo, kwamba akiambiwa futa, anafuta. Uliondoka kwako asubuhi yote ile, ukaacha wageni na masufuria ya kuosha, ili tu mimi nisije nikakuona ukiwa na furaha. Hukukusudia hivyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa ndugu yako, Khalati Salma, naye kaanza. Juzi, ndugu wamejaa sebuleni, kasema, "Marehemu hakupenda video, na mimi msinitie." Yaani umekufa na bado unawaficha watu. Nikamjibu vibaya, Mama, mbele ya wakwe. Nilimwambia, "Na wewe ukifa nikutafute kwenye harusi ya nani?" Nilijua kofi linakuja. Khalati akarekebisha mtandio wake, akasema, "Simu zote zibaki mlangoni. Na huyo mpiga video asinipige nnatafuna."

Kwa hiyo video itakuwa ile ndefu. Nassor nimemwachia droni yake, aipeleke upande wa wanaume. Ndani atapita Bi Mwanaidi peke yake. Asiyetaka atarukwa, na atakayekuja asubuhi kutaka afutwe, atafutwa. Hilo nimelikubali kwa shingo upande. Nilikuona ulivyokuwa baada ya yale ya Mkokotoni, na simtakii mwanamke mwingine hali ile, hata kama ana mtoto atakayekuja kumtafuta.

Pumzika, Mama. Dua nakuombea kila nikisali, na sitaacha, hasira haijanizuia. Kukusamehe sijakuahidi. Nakuahidi hili: kamera ikinijia sitageuka. Nikijaaliwa mtoto nitamwekea video yote, nimwonyeshe mmoja mmoja, huyu Khalati, huyu dada. Akiniuliza bibi yake ni yupi, nitamwambia hayumo, alikuwa anacheza kuliko wote hawa, na hakutaka tumwone.

Mwanao,
Raya