Suruali ya Siku ya Pudra

Kasongo, 4 Septemba 2023

Baba mpendwa,

Salamu zikufikie kabla karatasi hii haijakunjuliwa. Kovu la operesheni ya ngiri limefunga? Unakula? Mimi ni mzima; majani ya sombe anayonipikia Mama Faridah, mwenye nyumba wangu, yananitunza.

Asani wa pikipiki amenifikishia ujumbe wako mbele ya wanafunzi wenzangu, bila hata kushuka: "Baba yako anasema hatakuya. Mukaba unamuumiza kwenye kovu."

Baba, tarehe kumi na nne Oktoba chuo kitatangaza matokeo. Jina langu likisomwa, mzazi ndiye anayesimama mbele ya umma na kunimwagia pudra ya pongezi kichwani. Kwa miaka mitano nimesimama kwenye mkutano wa wanafunzi nikidai maji, nikidai vitabu, nikidai walimu wafike kwa saa. Niliyewasemea mamia, nishindwe na mkanda mmoja? Ngozi ya ng'ombe aliyekufa zamani ndiyo iamue nani ammwagie pudra binti wa Zéphirin? Nakataa. Nitakushonea suruali ya elastiki kwa mikono yangu, kwenye cherehani ya Mama Faridah.

Binti yako,
Louise

*

Wamaza, 10 Septemba 2023

Kwako uliyebeba jina la mama yangu, na kwa hiyo nakuita Mama hata unaponikosea,

Niko muzima. Mvua imeanza, karanga zimechipuka, kovu linawasha tu. Wewe je, kifua kimepona?

Miaka thelathini nimewaambia wateja wangu hapa Wamaza kwamba suruali isiyo na mkanda ni kikwembe chenye miguu miwili. Elastiki ni ya watoto wachanga na wagonjwa. Leo fundi mwenyewe aingie nayo Kasongo, kati ya wanaume aliowashonea suruali za harusi?

Nyumbani najifunga kikwembe, kinanitosha. Lakini kikwembe kinataka mkono mmoja ukishike, na pudra inataka miwili: mmoja wa kopo, mmoja wa kichwa. Mwambie mjomba wako Christophe akumwagie.

Halafu, tangu lini unajua kushona? Vifungo vya mashati yako nimevishona mimi mpaka ulipofika mwaka wa pili wa sheria.

Mwana wako,
Baba

*

Kasongo, 17 Septemba 2023

Baba,

Nashukuru Mungu kwa karanga na kwa kovu. Kifua kimepona.

Mjomba Christophe ni mtu mwema, ila si yeye aliyelala karakanani miezi mitatu ili mimi nisome. Nimepata kitambaa kizuri cha kijivu. Kesho nakata. Kwa kuwa umeninyima vipimo, nitakata kwa macho. Nakumbuka una upana wa gunia la mpunga, labda na nusu.

Binti yako,
Louise

*

Wamaza, 20 Septemba 2023

Mama,

Salamu baadaye. Weka mkasi chini.

Kwa macho? Nyumbani kwangu hata pazia halijakatwa kwa macho. Ndani ya bahasha kuna kamba. Ndiyo maana naandika badala ya kupanda kilimani kutafuta mtandao: kamba haipiti kwenye simu. Kutoka ncha iliyochomwa moto, fundo la kwanza ni kiuno, la pili ni makalio, la tatu ni urefu mpaka kisigino. Upana ukate kwa fundo la pili, usikate kwa la kwanza, maana suruali isiyo na zipu hupita makalio kwanza ndipo ifike kiunoni. Elastiki ipungue kiuno kwa vidole vinne. Kunja kitambaa juu, acha tundu, ipitishe kwa pini, kisha ncha zake zilaliane ndipo uzishone.

Sijakubali kuivaa. Naokoa kitambaa tu.

Sasa salamu: kula vizuri.

Mwana wako,
Baba

*

Kasongo, 29 Septemba 2023

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana inakuja na mwenzake, suruali yako. Pini ilinipotea ndani ya pindo mara tatu. Mama Faridah alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza: "Na wewe ndiye unataka kusahihisha sheria za inchi?"

Nimekata vipande vinne, vyote sawa kabisa, mbele na nyuma. Maisha yangu yote nimepinga upendeleo. Sikuona kwa nini niuanzishe kwenye suruali ya baba yangu.

Binti yako,
Louise

*

Wamaza, 5 Oktoba 2023

Mama yangu,

Habari za masomo? Hapa salama, mlango ukiwa umefungwa, maana nimeijaribu. Kwa ajili ya ukaguzi tu.

Kiuno ni kizuri. Kovu halikujua kwamba nimevaa. Nikisimama mimi ni bwana harusi. Nikiketi ni aibu. Nilipoinama kuokota sindano, mbuzi wa jirani aliyechungulia dirishani aligeuza uso.

Mama, mwili unakunjika kwa nyuma. Nyuma ya suruali lazima ipande juu kuliko mbele kwa upana wa kiganja. Usawa si kumpa kila mmoja kipande kilekile. Ni kumpa kila mmoja kinachomfunika. Lipeleke hilo kwenye mkutano wenu.

Ukumbini watu huketi asubuhi nzima. Basi usiningoje.

Mwana wako,
Baba

*

Kasongo, 8 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo, na samahani. Nililisoma neno lako la usawa mbele ya wenzangu. Walipiga meza mpaka mwenyekiti akasimamisha kikao. Hakuna hotuba yangu iliyowahi kufika hapo.

Kitambaa cha kijivu kimekwisha, sokoni hakipo tena. Asani anasema karakana yako imefungwa siku mbili, na ukiitwa huitikii. Umekasirika?

Sitakubishia tena. Nasema jambo moja: kichwa changu hakitamwagiwa na mwingine. Usipokuja, nitatoka ukumbini nimefaulu, na nywele zangu nyeusi.

Binti yako,
Louise

*

Kasongo, 14 Oktoba 2023, ukumbini

Mama,

Hujambo? Nakuona shingo tu. Niko mabenchi matano nyuma yako. Usigeuke kwanza, soma. Nimeandika mgongoni mwa barua yako mwenyewe, na wazazi wa watu wameipitisha bega kwa bega.

Sikukasirika. Nilifunga karakana ili mtu asione ninachokata. Ile suruali yangu nyeusi ya kanisani, yenye mkanda, niliyomwolea mama yako: nimeikata. Kipande chake kimeongeza nyuma ya suruali yako ya kijivu, upana wa kiganja, na koti limekifunika. Nimeketi tangu saa mbili, na hakuna aliyegeuza uso. Mzee mmoja wa Nyangwe hapa kando ameniuliza mara mbili jina la fundi. Nimemwambia ni mwanasheria, na wateja wake ni wengi.

Mkanda? Umefungia kuku wawili na gunia la mpunga kwenye pikipiki ya Asani. Kazi hiyo unaiweza.

Wanakaribia jina la mama yangu. Likisomwa, nitasimama. Kopo liko mapajani, na mikono yangu yote miwili iko huru.

Mwana wako,
Baba