Nani Alizisoma Pembe Hizi?

Jumatatu, 4 Machi

Barua kutoka Bodi ya Wapima Ardhi. Nimelalamikiwa! Miaka thelathini na minane ya kazi, na leo ndiyo mara ya kwanza.

Mlalamikaji ni yule seremala ambaye kiwanja chake kinapakana na cha mama mshonaji. Mpaka kati yao niliupima Novemba. Bikoni ya tatu, jiwe la mpaka, ilimwondolea seremala hatua mbili alizokwisha kuzizoea, akanuna. Sasa anadai kwamba mpaka haukupimwa na mimi. Eti aliyepima ni binti yangu, peke yake, siku iliyofuata, naye hana leseni.

Uzushi mtupu. Nilisimama kwenye tiodolaiti, darubini yangu ya kupimia pembe, tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, jua likinichoma kisogoni. Nilisoma kila pembe kwa sauti, binti akaandika kitabuni. Ndivyo tufanyavyo mwaka wa sita sasa, tangu alipoingia kwangu kama mwanagenzi.

Nimemjibu Katibu wa Bodi leo hii hii. Ukurasa mmoja. "Pembe zote zimesomwa na mimi mwenyewe, na kitabu cha vipimo ni shahidi." Binti ndiye aliyepiga chapa. Alipofika kwenye sentensi hiyo alisita, akauliza kama kuna haja ya neno "zote". Nikamwambia aandike ninavyosema. Akaandika. Nikatia sahihi.

Ombi lake la leseni linasikilizwa tarehe 26. Bodi hiyo hiyo. Nisingependa jina langu lifike mezani kabla ya lake likiwa na doa.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kiwanjani mwenyewe. Bikoni zote nne zipo, hazijaguswa.

Seremala alinipokea kwa kejeli. "Karibu, mzee! Leo umekuja na macho yako au umeazima?" Mafundi wake wakacheka huku randa zikiendelea. Nikamwuliza aliona nini hasa. Akasema Alhamisi alituona sisi wawili. Ijumaa akamwona binti na mshika fimbo ya kupimia tu, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, wakirudia bikoni zile zile. "Kama kazi ya mzee ilikuwa nzuri, ya nini kurudiwa? Mimi meza nikiipima vizuri siipimi tena."

Nikamwambia binti alirudi kuchukua vifaa. Nilisema hivyo bila kuwaza.

Nikaingia kwa mama mshonaji. Pini mdomoni, gauni la bibi harusi mapajani. Akazitoa pini moja moja. "Usibishane na huyo, mzee wangu, ana mdomo kama msumeno wake. Lakini binti yako alikuja, ndiyo. Nilimpa maji ya kunywa. Mbona umeniangalia hivyo? Ilikuwa siri?"

Hapana, nikasema. Haikuwa siri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemtuma binti Ofisi ya Ramani. Alipoondoka nikaisimamisha tiodolaiti uani. Nikalenga pembe ya tangi la maji lililo juu ya ghorofa ng'ambo ya barabara. Tangi halitembei. Nikajaribu mara kumi, kila mara nikiondoka na kurudi, nikaandika.

Dakika za pembe: 41. Dakika 47. 44. 47. 17. 11. 41. 14. 71 – hata haiwezekani, dakika huishia 59! Ya kumi sikuisoma.

Saba na moja zimekuwa pacha. Katikati ya kila tarakimu kuna ukungu. Nimefuta lenzi kwa kitambaa, nimefuta miwani, nimefuta macho. Ukungu uko pale pale.

Nimepindua kurasa za shajara hii. Mwaka juzi herufi zangu zilikuwa ndogo. Sasa ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nilidhani ni kalamu.

Ijumaa, 8 Machi

Sijamwuliza binti. Amefika kwa wakati, amepanga meza yangu, amenisomea gazeti. Tangu lini amekuwa akinisomea gazeti? Sikumbuki siku iliyoanza.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwuliza.

Hakukana. Alikwenda kwenye kabati la vifaa, akatoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa timazi, akaiweka mbele yangu. Akabaki amesimama. Nilimwambia aketi, akakataa.

Ndani kuna vitabu saba vya vipimo. Vitabu halisi, vile nilivyotia sahihi uwandani jioni za kazi. Kazi saba, miaka miwili. Vile vilivyokwenda Bodi na Ofisi ya Ramani ni vingine. Ni vipimo alivyochukua mwenyewe siku ya pili, akaviandika kwenye kitabu kipya kana kwamba ni mimi niliyesoma. Kisha akavileta mezani pamoja na ramani: "Baba, hapa na hapa." Na mimi nikatia sahihi, hapa na hapa. Sikusoma hata ukurasa mmoja.

Nimechukua kioo cha kukuzia, nikapiga hesabu ya kazi ya mshonaji kwa namba zangu za Alhamisi ile. Imenichukua saa tatu. Mzunguko haufungi! Mstari wa mwisho haurudi ulipoanzia; umeachana kwa mita nne na ushee. Kwa vipimo vyangu, jiko la mama mshonaji na nusu ya chumba cha cherehani viko kwa seremala. Kwa vipimo vya binti, mzunguko unafunga kwa sentimita moja.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia, Baba. Mara ya kwanza, kule kwenye kiwanja cha shule. Nilikwambia umesoma tatu badala ya nane. Ukaniambia nikishaanza kusoma pembe wewe utaanza kupika."

Mafundi wote walicheka siku ile. Nakumbuka. Nilikuwa nimefurahi kwa jinsi walivyocheka.

"Ungeweza kukataa kuandika," nikasema.

"Ningekataa, ungetafuta mwandishi mwingine. Na yeye asingerudi siku ya pili."

Nilimwambia aende nyumbani. Mlangoni akageuka, akasema nisikose dawa ya presha.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu alikuwa anajua! Nyumba nzima inajua isipokuwa mwenye nyumba.

Nilimkuta anakunja nguo. Akasema, "Macho yako yalifanya kazi moja tu ya maana, kuniona mimi, basi yakastaafu." Alipoona sicheki akaacha kukunja, akaketi kando yangu.

Akaniuliza yatakuwaje. Nikamweleza kama ninavyowafundisha wanagenzi. Kanuni za Maadili ziko wazi. Kubuni kitabu cha vipimo ni kughushi, hata kama vipimo ni sahihi. Aliyeghushi hapewi leseni, sasa wala baadaye. Na mpima asiyesoma anachotia sahihi ni mzembe. Adhabu yangu, karipio na kustaafishwa kwa heshima, kwa sababu ya umri na maradhi. Watanisikitikia.

"Yaani wewe unasikitikiwa, na mtoto anafungiwa mlango maisha?"

Ndivyo kanuni zilivyo, nikasema.

"Alizivunja ili jina lako lisivunjike. Hilo limo kwenye kanuni?"

Akarudi kwenye nguo zake. Kisha, bila kunitazama: "Si useme ulimtuma wewe?"

Nikamkaripia. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, sijawahi kumkaripia kwa sauti ile.

Jumanne, 12 Machi

Kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, na nyuma ya jicho la kulia pana ubovu mwingine usiorekebishika. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaandika.

Nimeirudia mara kadhaa ile kanuni ya wanagenzi. Naijua kwa moyo, nilikuwa mmoja wa waliokaa kuiandika. Mwanagenzi atendaye kwa amri ya mpima wake hawajibiki. Awajibikaye ni mpima.

Kwa amri ya mpima wake. Maneno matano tu.

Kama nilijua, kama nilimtuma arudie vipimo na kuandika kitabu kipya kwa jina langu, yeye ni mtoto mtiifu aliyetumiwa. Mimi ndiye tapeli. Na barua yangu ya tarehe nne inakuwa uongo wa makusudi kwa Bodi. Watanifuta kwenye orodha. Jina litabandikwa ukutani pale chini, penye ngazi, ambapo kila mpima hupita.

Nilishiriki kumfuta mwenzangu kwa kuazimisha muhuri wake. Tulisoma naye, tukala naye. Alikuwa na mke mgonjwa, akajitetea kwa hilo. Nikasema kanuni haina mke. Watu waliusifu msemo ule. Tulipokutana sokoni baadaye alinipa mkono, nikajifanya nachagua vitunguu.

Ukweli ungeniacha safi. Uongo ungemwacha yeye safi. Sijawahi kusema uongo kazini. Hata mmoja. Ndiyo mali pekee niliyoiweka.

Ijumaa, 15 Machi

Tumegombana na binti. Nilimgusia tu – kwamba shauri ni langu, kwamba akae kimya, aniachie. Akaelewa papo hapo. Ana akili ya mama yake.

"Usithubutu, Baba. Nitasema mwenyewe. Nilirudi mwenyewe, niliandika mwenyewe, hukujua."

Nikamwambia leseni yake itakwenda na maji.

"Ni yangu. Wewe hukunifundisha kupima ili niokolewe kwa uongo."

"Mbona uliandika uongo vitabu saba?"

Hapo akalia. Nilitaka kumshika bega, mkono ukaishia kwenye kiti. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akasema jambo ambalo limenikaa kifuani tangu mchana: "Kila siku ya pili niliyorudi, nilikuwa naomba siku hiyo vipimo vyako viwe sawa. Nianze, nione ni sawa, nifunge vifaa nirudi nyumbani. Mara saba, Baba. Hata mara moja havikuwa."

Nimempigia Katibu simu. Nilimfundisha kazi mwenyewe, bado ananiita Mwalimu. Nimeomba Jumatatu, siku ya shauri la seremala, nisikilizwe kwanza, kabla ya shahidi yeyote. Akasema hilo si shida, Mwalimu, kwa heshima yako.

Kwa heshima yangu!

Jumatatu, 18 Machi

Bodini, ghorofa ya pili. Naandika kwenye benchi la ukumbini, daftari mapajani, binti kando yangu akingoja kuitwa.

Niliingia saa tatu. Wajumbe watano, wanne kati yao nawajua kwa sauti, sura zao ni ukungu. Waliniinukia. Seremala alikuwa nyuma, amevaa koti. Wakaniapisha. Nikaweka mezani ile bahasha ya vitabu saba, wakavilinganisha na vyao. Katibu akauliza swali kwa upole, kama anayemwuliza mgonjwa: nilijua kwamba vitabu vilivyowasilishwa havikuwa vile vya uwandani?

Nilijibu. Nilizungumza kwa dakika ishirini hivi, polepole, ili mpiga chapa anifuate. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza mtu mmoja alikohoa. Hakuna aliyeinuka nilipotoka.

Taratibu ni hizi: maelezo yanachapwa, shahidi anayasoma, anatia sahihi kila ukurasa, ndipo yanakuwa maelezo. Kabla ya hapo ni pumzi tu. Baada yangu ataitwa binti. Akisema tofauti na nilichokitia sahihi, mmoja wetu atakuwa ameidanganya Bodi chini ya kiapo, na wao ndio watakaochagua yupi.

Katibu ameleta kurasa tatu. Hakuniita Mwalimu. Amesema nina robo saa. Wino hafifu, herufi ndogo. Kwa kioo nashika neno moja, nikihamia la pili la kwanza limepotea. Nikamwambia sitii sahihi nisichokisoma. Akasema basi atanisomea yeye.

Binti akanyoosha mkono. "Nipe mimi. Mimi ndiye humsomea."

Ningemkatazaje? Katibu angeuliza kwa nini. Amempa kurasa na kalamu, akarudi ndani.

Niliomba anisomee kwa sauti, kuanzia mwanzo. Hajaanza. Anayasoma kwanza yeye, kimya, kidole kikitembea chini ya mstari. Ukurasa wa kwanza ameumaliza, jina langu na namba ya leseni na tarehe. Yuko katikati ya wa pili. Neno "nilimwamuru" liko hapo hapo, mstari wa sita au wa saba; nililishika kwa kioo.

Kidole kimesimama.

Kalamu ya kutia sahihi anayo yeye.