Maji ya Kisima na Ubao wa Zilzala

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepima kisima kabla ya kwenda skuli. Maji yamepanda shibiri nzima. Yametulia, mbingu imelala ndani yake. Nimeinama kuyatazama hadi nikasahau kama niko juu au niko chini. Mwezi uliopita yalipanda hivi hivi, nikawaambia watu zilzala yaja karibuni, na siku ya tatu ardhi ikatikisika, vikombe vikagongana kabatini. Tangu hapo Mgogoni nzima inaniita Bi Zilzala. Nakiri hapa tu: napenda.
Leo nimewaambia walimu wenzangu kwamba itarudi karibuni. Wote wakaacha chai, wakanigeukia. Raha.

Jumanne, 5 Agosti
Raya, anayesomesha hesabu, kaniharibia siku. Kasema: "Ukisema karibuni, Bi Mize, hukosei maisha. Taja siku. Taja wapi. Andika kabla, watu wasome, halafu tuone."
Nimekasirika. Mchana nimesinzia barazani, nikaota ardhi yavuta pumzi, kifua chake chapanda na kushuka kama cha mtu aliyeshiba. Nilipoamka hasira haipo. Raya ana haki.

Jumatano, 6 Agosti
Nimetundika ubao wa zamani kwenye ukuta wa skuli, upande wa njia. Safu nne. Siku niliyoandika. Nilichotabiri. Kilichotokea. Nimepata au nimekosa. Nikanakili na tabiri za nyuma kutoka daftari ninaloandikia vipimo vya kisima. Zote ni "karibuni, karibuni". Mbele ya kila moja nimeandika: haupimiki. Hata ule wa vikombe.
"Na mitikisiko ambayo hukuitabiri?" Raya kauliza. Sikuwa na safu yake. Nimeichora, mkono mzito.
Utabiri mpya: mtikisiko wa kuhisiwa hapa Mgogoni, kati ya kesho na Jumapili. Nikaongeza: nina hakika.

Ijumaa, 8 Agosti
Ubao umepigwa picha. Umefika Wesha, umefika hata kisiwani Makoongwe, kwenye simu za watu. Picha imekatwa. Imebaki safu ya utabiri peke yake.
Watu wanatoa vyombo nje. Nimepita njiani kama natembea chini ya maji. Sauti zanifikia kwa mbali, kila mtu ananiamkia kwa woga.

Jumamosi, 9 Agosti
Mtoto wa dada yangu, Time, kashikwa na uchungu asubuhi. Hospitali ni ya ghorofa. Bi Fatuma, mama mkwe wake, kakaa mlangoni.
"Mie simtii mkaza mwanangu ndani ya zege likamwangukie. Weye mwenyewe umeandika una hakika."
Time alikuwa anatoka damu. Nikapiga magoti mbele ya yule mama.
"Bi Fatuma, nilitazama maji tu. Sijui. Wallahi sijui."
Kajifunga kanga kiunoni. Kisha kainuka, kashika mkoba wa nguo, katangulia garini.
Mtoto wa kike, kabla ya adhuhuri. Daktari kasema tungechelewa zaidi, mama asingepona. Nimezichukua nguo zake za damu nikazifue.

Jumapili, 10 Agosti
Siku ya mwisho. Hakuna kitu. Kutwa nimekaa pekupeku nasikiliza kwa nyayo. Aibu yangu: ilikuwepo dakika nilipotamani ardhi itikisike. Na Time bado yu ghorofani na kichanga chake. Naiandika ili nisije nikajifanya haikuwepo.

Jumatatu, 11 Agosti
Mbele ya wanafunzi wote nimeandika: nimekosa. Chini yake, kwa herufi kubwa: NILISEMA NINA HAKIKA. SIKUWA NAYO.
Sheha, mkuu wa shehia yetu, kaja mbio. "Futa, Mwalimu. Watu watasahau."
"Wakisahau, Sheha, nitawahadaa tena."
Kaondoka bila kuaga. Raya kanisaidia kupigilia msumari wa pili, ubao usije ukabanduliwa. Tumepiga picha yetu, ubao mzima, safu zote, tukaituma kule kule ilikopita ya kwanza. Baadhi wamenitukana. Wamenitukana kwa haki.

Alhamisi, 14 Agosti
Manyunyu yamepita. Karafuu zanukia. Mzee mmoja wa Makoongwe, aliyekuja kumtazama ndugu yake, kasimama mbele ya ubao. Kasoma kwa kidole, safu kwa safu, midomo ikichezacheza. Sikumsogelea. Mchana ulikuwa mweupe, kila kitu kama kimo ndani ya maziwa.
Alipomaliza kanigeukia. "Na kesho je, Bi?"
"Sijui, mzee wangu."
"Ahaa." Kaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa alichokifuata. Kaaga vizuri, kashika njia yake.
Nimekaa pale pale mpaka ukuta ukakauka.